Risala ya Kuokoteza

Kila Jumatano, wakishamaliza usafi, wanafunzi wa klabu ya kompyuta katika shule moja ya Nyarubungo hujazana kwa Mwalimu Marcel. Wiki hiyo aliwafundisha programu ya kubahatisha maneno. Ukiipa maandishi, inatazama kila neno hufuatwa na maneno gani, kisha inaokota neno moja, inabahatisha linalofuata, na kuendelea hivyo hivyo.

"Haielewi kitu," alionya. "Inaunganisha tu."

Walivunjika mbavu ilipoandika, "Ng'ombe hutupatia maziwa na sare za shule."

Tecla wa darasa la saba alicheka pia, lakini alishaona njia ya mkato. Alikuwa amechaguliwa kuandika na kusoma risala ya mahafali, na kazi hiyo alikuwa akiikwepa kwa uvivu tu, tuseme ukweli. Akaingiza risala za miaka iliyopita, akabonyeza, akapata ukurasa mzima. Akapitia mistari ya juu, akaona "Mheshimiwa mgeni rasmi" imekaa vizuri, akauchapisha.

Siku ya mahafali akasimama kwa madaha mbele ya wazazi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka katikati.

"Tunamshukuru mlezi wetu mpendwa, marehemu Mwalimu Evaristi..."

Mwalimu Evaristi alikuwa ameketi mstari wa mbele, mzima, juzi tu ametoka kulazwa hospitali ya Biharamulo. Risala moja ya zamani ilimtaja mwalimu mwingine mpendwa aliyefariki, na kompyuta ikaunganisha. Watu waliguna, wengine wakacheka. Mke wa mwalimu, Mama Ansbert, akajifunika uso kwa kitenge.

Tecla alitamani ardhi ipasuke immeze. "Kompyuta imekosea," alisema, akazidi kujiaibisha, maana karatasi ilikuwa mkononi mwake yeye.

Kesho yake alipiga hodi nyumbani kwa mwalimu.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba," Mama Ansbert aliitikia kwa shingo upande. "Umekuja msibani?"

Machozi yakamtoka Tecla. Aliona aibu hata kuinua macho. "Naomba mnisamehe. Kompyuta haikukosea. Ni mimi niliyesimama kusoma maneno ambayo hata sikuyapitia."

Mwalimu Evaristi alimtazama. "Na ungeandika mwenyewe, ungesema nini juu yangu?"

Tecla akafikiri. "Nilipoanza shule nilijua Kisubi tu, lugha ya nyumbani. Siku moja nikakuomba 'karamu'. Darasa zima likacheka. Wewe hukucheka. Ulinipa kalamu yako, ukasema karamu tutafanya nikijua kuandika."

Mama Ansbert alicheka bila kutaka. Mwalimu akavua miwani, akaifuta polepole.

"Hayo kompyuta isingeyaokota popote," alisema. "Uvivu wako umeninyima kuyasikia jana. Mashine itumie, mwanangu, lakini usisimame mbele za watu na maneno usiyoyajua. Mashine haioni aibu. Aibu inakupata wewe, na anayeumia ni mtu kama mama yako huyu."

"Nimesikia, mwalimu."

"Basi Jumatatu utayasema mstarini, nikiwa nasikia. Nikifa kweli utakuwa umechelewa."

Jumatatu Tecla alisimama bila karatasi. Akamwomba mwalimu radhi mbele ya shule nzima, kisha akaanza na ile karamu.