Maji Yasiyo na Chumvi

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare za shule, Semeni alijaza pipa la bluu lililosimama nyuma ya zahanati. Ndoo nne zilitosha. Pampu ilikuwa mbali, karibu na barabara kuu ya kwenda Lindi. Alikwenda peke yake na kurudi peke yake.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwao ni kisiwa cha mikoko katika delta ya Rufiji, ila tangu miezi minne iliyopita aliishi hapa Bungu kwa shangazi yake, Hafidha, ili asome. Shangazi alikuwa mkunga wa zahanati hiyo. Alikuwa mwema, lakini kazi zilimwelemea, na siku nyingine maneno yao hayakuzidi salamu na kukaribishana chakula. Nyumbani Semeni alizoea kulala akimsikia mama yake akikohoa upande wa pili wa ukuta. Hapa alisikia malori.

Katika chumba cha uzazi palikuwa na beseni pana, la kumtosha mtu mzima kuketi. Mwanamke mwenye afya njema, ambaye mimba yake haina tatizo, aliweza kujifungua humo ndani ya maji ya vuguvugu. Mwanzoni watu walicheka. Wa kwanza kukubali alikuwa mke wa fundi baiskeli, na baadaye aliwasimulia wenzake kwenye benchi la kliniki.

"Uchungu haukuondoka, msidanganywe," alisema. "Lakini maji yalinibeba. Ni kama mtu kakushikia mzigo upande mmoja."

Shangazi naye alikiri kwamba siku ile aliogopa kuliko mzazi. Miaka yote alizoea kushika na kuamrisha. Kando ya beseni alipiga magoti kwa muda wa saa mbili, mikono ya gauni imelowa, akisikiliza moyo wa mtoto na kujifunza kutulia. Mtoto alitoka majini kimya, na alipoinuliwa tu hadi kifuani kwa mama yake, akalia.

Semeni alituma habari hizo delta kupitia watu wa boti, kwa kuwa mama yake, Waride, alikuwa mjamzito. Semeni mwenyewe alizaliwa ndani ya mtumbwi uliokwama topeni maji yalipokupwa, mama akiwa njiani kwenda kwa mkunga. Safari hii Waride hakutaka kungoja maji yajae. Wiki tatu kabla ya siku zake alifika Bungu, akasema anataka lile beseni. Aliliwaza kila siku, na Semeni alijua.

Tatizo lilikuwa pampuni. Wasichana waliopanga foleni pale, wakiongozwa na Yasmini wa darasa lake, walimwita Kaa, kwa ajili ya kaa wa mikoko ya kwao.

"Mpisheni Kaa, huyo anatembea upande," Yasmini alisema, na ndoo ya Semeni ikasukumwa hadi mwisho.

Semeni alipochoka na hayo, aligundua kisima cha wazi bondeni, nyuma ya mikorosho. Hakikuwa na mtu. Alifanya kama wafanyavyo watu wa delta, ambako bahari hupanda mtoni: alichovya kidole, akaonja. Kwao, maji yasipokuwa na chumvi huchotwa bila swali. Haya hayakuwa na chumvi. Siku nne akajaza pipa kutoka kule, na hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi uchungu ulimshika Waride. Shangazi alilisugua beseni, akamimina maji ya pipa, akaongeza ya moto kidogo kidogo hadi kipimajoto kikaonyesha joto la mwili. Waride alisimama akishika ukingo, uso umelowa jasho, tayari kuinua mguu.

"Semeni, maji haya ni ya pampu?" Shangazi aliuliza, kama alivyouliza kila alipojaza beseni.

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Akisema kweli, mama angelikosa beseni, na huenda yeye angerudishwa delta bila shule. Semeni aliutazama mguu wa mama yake.

"Siyo, Shangazi. Ni ya kisima cha bondeni."

"Kile wanachonyweshea ng'ombe?"

"Niliyaonja. Hayana chumvi."

Shangazi aliweka kipimajoto chini. Waride alivuta pumzi, akasema taratibu, "Nimemfundisha mimi hivyo, wifi."

Kizibo cha beseni kikang'olewa, maji yakamwagika. Semeni hakungoja. Alichukua ndoo mbili akakimbia. Pampuni Yasmini alikuwa wa kwanza katika foleni.

"Mama yangu anajifungua," Semeni alisema.

Yasmini alimtazama, kisha akaiondoa ndoo yake. Akashika mpini mwenyewe, akamjazia ndoo zake.

Lakini mtoto hakungoja maji. Semeni alipoingia uani, mabega yamelowa, alisikia kilio. Waride alikuwa amejifungua kitandani, salama, mtoto wa kike.

"Wewe topeni, huyu kitandani," Waride alisema, sauti imechoka. "Majini labda wajukuu zangu." Alicheka, lakini macho yake yaliligeukia lile beseni tupu, na Semeni akaona.

Shangazi alimwita nje, wakakaa karibu na pipa.

"Chumvi huonjeka," alisema. "Vijidudu havionjeki. Maji yale yangeweza kumtia mama yako homa, na mtoto pia. Kuonja ulifundishwa, silihesabu kuwa kosa. Kosa lako ni kuficha siku nne. Mkunga anaweza kufanya kazi na mtu anayekosea, kwa sababu kosa likisemwa hurekebishwa. Lakini na mtu anayeficha, mkunga hawezi kufanya kazi."

Semeni alitazama chini. "Nitarudishwa?"

"Leo umesema kabla madhara hayajamfika mtu. Mtu wa hivyo simrudishi." Shangazi akamgeukia. "Lakini kwa nini uliiacha pampu?"

Semeni akamweleza habari za Kaa, mara ya kwanza kwa mtu yeyote.

"Kila nilipojaza beseni nilikuuliza habari za maji," Shangazi alisema. "Habari zako sikuuliza. Hilo nalo ni kosa, na nalisema."

Wakalimwaga pipa, wakalisugua pamoja. Kesho yake alfajiri, ndoo zilizokwenda pampuni zilikuwa mbili, moja ya Semeni na moja ya shangazi yake.