Nyumba Iliyokunywa Kisima

Watu wa upande ule wa kisiwa waliamshwa na pampu. Majogoo walikuwa wakichelewa.

Pampu ilikuwa ya Msumari. Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Alikuwa fundi seremala, na akiwa kazini huweka misumari mdomoni, kwa hiyo ukimsalimia anakujibu kwa kichwa. Yeye na mkewe walikuwa wakijenga nyumba ndogo ya wageni kwenye kiwanja cha familia, karibu na ufuo. Vyumba vinne tu. Mkewe alifua mashuka katika hoteli ya mjini kwa miaka mingi, kisha akarudi kisiwani na neno moja: "Tumewafulia wengine vya kutosha. Sasa tufue ya kwetu."

Walitaka nyumba isiyoharibu kisiwa. Mchanga wa ufuoni hawakuugusa. Mti hawakukata hata mmoja, na ukuta wa chumba kimoja ulipindishwa kidogo kuupisha mkungu uliokuwa pale. Taa zingetumia umeme wa jua. Walijiona wamefanya kila kitu sawasawa.

Siku moja Msumari alikuwa akiranda mlango. Mkewe alikuwa akimwagilia matofali mapya, kwa sababu tofali la saruji likikauka upesi hupasuka. Mama yake Msumari alikuwa jikoni. Ndipo jirani yao akaingia.

Jirani huyo naye aliitwa kwa jina la Kengele, kwa ajili ya sauti yake. Siku hiyo sauti hiyo haikusikika. Alikuja kimya, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Onja," alimwambia Msumari.

Msumari alitema misumari kiganjani, akanywa, kisha akaitema na chai.

"Shangazi! Umekosea. Umetia chumvi badala ya sukari."

"Sukari nimetia mimi," Kengele akasema. "Chumvi umetia wewe."

Msumari hakuelewa. Mkewe alielewa mara moja. Aliteka maji kisimani kwa ndoo, akaonja kwa kiganja, akayatema.

Kisima kilikuwa kwenye kiwanja chao, lakini kilinywesha nyumba zote za upande ule. Tangu enzi za marehemu baba yake Msumari, hakuna aliyenyimwa maji pale.

"Labda ni bahari kujaa," Msumari alisema. "Itapita."

"Bahari inajaa na kupwa tangu sijazaliwa," Kengele akajibu. "Kipya hapa ni pampu yako."

Jioni majirani walikusanyika barazani. Mzee mmoja, mvuvi mstaafu, alisema kwa upole, "Mwanangu, hatukatai maendeleo. Lakini wageni wako hawajafika na sisi tayari tunakunywa bahari. Wakifika itakuwaje?"

Mke wa Msumari aliinuka, akaenda hadi kwenye pampu, akaizima.

"Haitawashwa tena mpaka tujue kosa liko wapi," alisema.

Watu walipoondoka, Msumari alimgeukia. "Umesimamisha ujenzi mzima!"

"Nimesimamisha pampu. Ujenzi unaendelea. Maji tumeshayavulia nguo, lazima tuyaoge."

"Maji gani, mke wangu? Haya ya chumvi?"

Mama mtu alicheka peke yake huko jikoni. Lakini mkewe hakucheka. Kesho yake alipanda boti ya asubuhi kwenda ofisi ya maji.

Alirudi na mtaalamu, mama wa makamo ambaye watu wa visiwani walimwita Bibi Maji. Alishusha kipimo chake kisimani, akakisoma, akatikisa kichwa.

"Chumvi imepanda. Lakini kisima hakijafa," alisema. "Mama, naomba glasi, chumvi, mrija, na chai ya rangi. Iwe baridi na isiwe na sukari."

"Chai baridi bila sukari?" mama mtu akashangaa. "Mwanangu, nani amekukosea?"

Bibi Maji alicheka. Alijaza nusu glasi maji, akakoroga chumvi nyingi. Kisha akamimina chai juu yake polepole, akiipitisha kwenye mgongo wa kijiko. Chai haikuchanganyika. Ilikaa juu, na maji meupe yakabaki chini.

"Hiki ndicho kisiwa chenu," alisema. "Chini ya mchanga kuna maji ya bahari. Mvua ikinyesha, maji yake hupenya na kukaa juu ya yale ya bahari, kwa sababu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Chini hakuna mto wala ziwa. Maji yenu matamu ni haya tu yanayoelea." Akampa Msumari mrija. "Uweke juu juu. Vuta kidogo."

"Chai," Msumari akasema.

"Sasa ushushe kidogo. Vuta kwa nguvu, kama pampu yako."

Msumari alivuta. Uso ukamkunjamana kama karatasi.

"Umeona? Ndoo huchota kidogo, kisha kisima hupumzika. Pampu huvuta kwa pupa. Maji matamu yakipungua, ya bahari hupanda kuchukua nafasi yake."

"Kitapona?" mke wa Msumari aliuliza.

"Mkikipumzisha, na mvua ikinyesha vizuri, kitapona. Ila taratibu. Lakini mkileta wageni wa vyumba vinne, waoge humo na wavute vyoo kwa maji hayo, hakitapona kamwe."

"Basi wageni wataoga nini, upepo?" Msumari akauliza.

Bibi Maji alionyesha kidole juu. "Mvua. Maji ya wageni yatoke kwenye paa."

Msumari alitazama paa. Nusu yake ilikuwa tayari, makuti mapya yamepangwa vizuri. Kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Makuti yanapendeza," Bibi Maji alisema, "lakini maji yake hutoka mekundu, na wadudu ndani. Ezekeni bati. Chini ya bati fungeni gata, mifereji ya kukinga maji. Tangi likae chini ya baraza, lifunikwe vizuri, na kila tundu liwe na wavu ili mbu wasiingie kutaga. Maji ya kunywa yachemsheni. Na vyoo vya kuvuta maji, visahauni. Kila kikivutwa hunywa ndoo nzima. Halafu katika mchanga huu uchafu wa shimo hupenya mpaka kisimani. Jengeni vyoo vikavu."

Alieleza kwamba choo kikavu hujengwa juu ya ardhi, kikiwa na vyumba viwili vya saruji chini yake. Mkojo hupita njia yake. Mtu akimaliza haja, humwaga kopo la majivu. Chumba kimoja kikijaa hufungwa, kinapumzika mwaka na zaidi, na kilichomo hugeuka mbolea ya miti.

Bibi Maji alipoondoka, Msumari alilipuka.

"Mgeni atoke mjini kwake aje kumwaga majivu?"

"Mgeni anataka choo kisinuke na kisiwe na nzi," mkewe alisema. "Nimekaa hotelini. Malalamiko ya harufu nimeyasikia kila siku. Ya majivu sijayasikia hata mara moja."

"Kwa sababu hawakuwa na majivu!"

"Basi nenda ukanuse mwenyewe. Bibi Maji amesema kuna shule ng'ambo wanavyo."

Msumari alienda, amenuna. Aliingia katika choo cha shule akiwa amebana pua. Akaachia kidogo. Akaachia yote. Alikaa humo muda mrefu mpaka mwalimu akagonga mlango kuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alijibu kutoka ndani. "Nakagua kiti. Aliyekitengeneza hakupiga randa."

Aliporudi nyumbani alitazama paa. Alichukua ngazi, akapanda, akaanza kushusha makuti yake moja moja. Mkewe alimwangalia kidogo, kisha akaenda kumshikia ngazi.

Kazi ikawa ngumu mara mbili. Maji ya zege waliyaleta kwa boti, ndani ya mapipa, na kuyabeba begani kutoka bandarini. Mabega yalichubuka. Pampu waliiuza ng'ambo wakanunulia bati na gata. Msumari alitengeneza viti vya vyoo kwa mbao laini, akaviranda mpaka vikang'aa. Maji ya kuogea waliyapitisha kwenye kokoto hadi migombani. Kengele alikuja na majivu ya jikoni kwake, debe zima. "Wengine huchangia harusi," alisema. "Mimi nachangia choo."

Mvua ilikuta tangi limekamilika. Iligonga bati kwa kishindo, na mama mtu akakimbia na sufuria kukinga.

"Mama, hii ya kwanza tunaiacha imwagike," mke wa Msumari alimzuia. "Inaosha vumbi na mavi ya ndege."

Walisimama barazani wakiangalia maji yakipotea mchangani. Yaliwauma. Paa liliposafika, Msumari aligeuza bomba, na wakasikia maji yakianguka ndani ya tangi.

Mvua ziliendelea. Kisima kilitekwa kwa ndoo peke yake. Bibi Maji alirudi kupima mara kadhaa, na kila mara chumvi ilikuwa imeshuka. Majirani walianza tena kunywa maji yao bila kukunja uso.

Wageni walikuja. Ukutani mwa kila bafu mke wa Msumari alibandika maneno machache: "Maji haya yametoka mawinguni. Yatumie kwa heshima." Mgeni mmoja aliuliza kwa nini choo hakinuki, na Msumari akamweleza habari za majivu mpaka chakula kikapoa.

Halafu ukaja ukame wa kwanza. Kila asubuhi Msumari aliligonga tangi kwa kidole, na kila asubuhi lilijibu kwa sauti tupu zaidi. Siku moja simu ililia. Mtu wa mjini alitaka vyumba vyote vinne kwa ajili ya ndugu zake, wiki mbili nzima, na alikuwa tayari kulipa zaidi.

Mke wa Msumari alimtazama mumewe. Kisima kilikuwa pale pale, hatua chache kutoka mlangoni, maji yake matamu.

"Ndugu yangu," Msumari alisema kwenye simu, "vyumba vipo. Maji ndiyo hayatoshi. Naweza kukupa viwili kwa siku tano. Vingine nimevifunga mpaka mvua."

Mtu yule alibishana kidogo. Kwani hakuna kisima hapo?

"Kipo," Msumari akajibu. "Lakini kina wenyewe."

Yule mtu alikata simu. Mvua ziliponyesha na kupita, alipiga tena. Aliuliza kama tangi limejaa. Msumari alimwambia limejaa, na siku ya Ijumaa boti ikawashusha yeye na ndugu zake wote.