Konzi Moja ya Majani

Tomaso alikwenda Kanada miezi sita kujifunza ufundi wa kombaini za kuvunia ngano, akarudi na maringo ya miaka sita. Chai ya kwao Endasak ikawa maji ya kuoshea vyombo. Baridi ya Julai chini ya Mlima Hanang ikawa "kibaridi cha watoto." Alirudi pia na jozi mbili za mbao nyembamba, ndefu kupita mtu, ambazo Wazungu hufunga miguuni na kuteleza juu ya theluji tangu asubuhi hadi mchana.

"Wanakwenda wapi?" Ignasi aliuliza.

"Hawaendi popote. Wanafurahi tu. Wewe utaelewa wapi?"

Ignasi, mtunza stoo wa shamba la ngano la serikali walikofanya kazi wote wawili, aliigeuza mbao moja mikononi. Walikuwa marafiki tangu ubatizo, naye Ignasi alikuwa amezoea kumdharau mwenzake kimoyomoyo.

Asubuhi moja ya Julai walipanda mteremko uliokwisha kuvunwa. Ukungu mzito. Mabua yalilala chini, yamelowa umande, yanateleza kama sabuni. Tomaso alikuwa amezipaka mbao nta ya mishumaa ya kanisani, wala hakuona haya.

Na kweli, ilikuwa tamu! Swiii... Ignasi, baba wa watoto wanne, alicheka kama mtoto.

"Sasa tuanzie pale," Tomaso alisema, akanyoosha fimbo.

Lilikuwa tuta la udongo la duara, kaburi la mzee wa Kibarabaig. Mwaka juzi Tomaso mwenyewe alipitisha plau juu yake, akasema mfu hali ngano. Kando yake alisimama mzee Gidabuday, mwana wa aliyelala pale, na ng'ombe watatu.

"Shikamoo, mzee," Ignasi alisema.

Tomaso alimpa mzee mgongo.

"Marahaba. Apitaye hapa huweka majani mabichi, konzi moja ya kujaa kiganja. Kisha hupita kwa amani."

Tomaso aliangua kicheko. "Ignasi, na wewe utampelekea marehemu mboga?"

"Mimi? Upuuzi mtupu."

Lakini Tomaso alipoinama kukaza kamba, Ignasi aling'oa konzi ya majani, akaichomeka kwenye udongo haraka, kama mwizi. Yake tu. Angeweza kung'oa mbili.

Acha apate funzo kidogo, aliwaza.

Gidabuday aliona. Akaswaga ng'ombe wake, akaondoka.

Wakateremka. Ukungu ukammeza Tomaso. Ignasi alisimama katikati ya mteremko, akasikiliza mbao za mwenzake zikizidi kwenda.

Swiii... swiii...

Kisha sauti ya pili ikaingia.

Pa. Pa. Pa. Pa.

Miguu mitupu, ikikimbia sambamba na zile mbao. Ikaja harufu ya samli iliyochacha na ngozi mbichi ya ng'ombe.

"Ignasi..." Sauti ilikuwa ya chini, kutoka mbali. "Ni wewe unayenishika bega?"

Ignasi hakujibu.

Mlio wa mbao ukakatika ghafla.

Alimkuta amesimama wima, mbao zimezama ardhini, naye amezama hadi vifundoni. Udongo ulikuwa mgumu, haujapasuka popote. Mafundi wa shamba walichimba kumtoa hadi saa sita mchana. Kando ya mistari ya mbao kulikuwa na nyayo za mtu mmoja. Ziliteremka. Hazikupanda.

Miguu haikuwa na jeraha. Daktari alisema baridi imeharibu mishipa, na Ignasi alilipenda neno hilo, akalirudia kwa kila aliyeuliza. Lakini Tomaso hakuinua mguu tena. Aliikokota yote miwili sakafuni, kitandani hadi mlangoni, swiii, swiii, miaka kumi na sita.

Siku ya mwisho, mkewe Fabiola alipotoka kuchukua uji, Tomaso alimwita Ignasi kwa kidole.

"Yule aliyenishika bega hakuwa na hasira, unajua," alinong'ona. "Aliniuliza tu sikioni: ya mwenzako nimeyapata, yako yako wapi?"

Ignasi akamfunika blanketi miguuni.

"Nilikutetea. Nikamwambia, mwenzangu amesoma, hawezi kuweka majani." Akapumua kwa shida. "Akacheka."

Tangu mazishi, kila Julai Ignasi hupeleka konzi mbili kwenye lile tuta, moja yake, moja ya Tomaso. Kesho yake hukuta moja imekauka pale pale. Ya pili haipo.

"Ni ng'ombe," mkewe humwambia.

Huenda. Ila bado hajui iliyokataliwa ni ya nani, na siku hizi, asubuhi za baridi, mguu wake wa kushoto ni mzito kuinuka.