Mama wa Chumba cha Juu

Jirani yetu mmoja, tuliyempachika jina la Mdomo, kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni katika nyumba kongwe za mji. Kwa maneno, asikwambie mtu. Akikuonyesha mlango wa kuchonga, utadhani seremala ndiyo kwanza katoka kwenda kunywa maji.

Siku mambo haya yalipoanza ilikuwa siku kama siku nyingine. Chokaa mpya inakauka ukutani, na binti yake, kitinda mimba, anacheza kokoto barazani, maana shule zilikuwa zimefungwa. Nyumba aliyokuwa akiwaonyesha wageni, ya ghorofa, ilikuwa ibomolewe. Wakubwa wa mji walisema haina historia wala haivuti wageni. Mdomo aliipenda nyumba ile kupita kiasi, na moyo ulimuuma. Basi alipowaona wageni wanapiga miayo, akatunga palepale.

"Chumba cha juu aliishi mama aliyefiwa na mwanawe," akasema. "Mpaka leo anatafuta mtoto wa kumlea."

Uongo mtupu. Chumba kile kilikuwa stoo ya magunia tangu enzi na enzi. Lakini miayo ilikoma, habari zikasambaa, na baada ya muda watu wakawa wanapanga foleni mlangoni. Mambo ya kubomoa yakafa kimyakimya. Mdomo akawa anatembea kifua mbele, na sisi majirani tukawa tunamtania kwamba ulimi wake una nguvu kuliko saruji.

Adhuhuri moja binti yake akashuka ngazi za nyumba ile amesukwa nywele, mistari myembamba ya mtindo ambao Mdomo hajawahi kuuona.

"Nani kakusuka, mama?"

"Mama wa juu," mtoto akanong'ona. "Kasema wewe ndiye uliyemwita."

Mdomo akapanda mbio. Chumba kilikuwa kitupu. Sakafuni, karibu na dirisha, palikuwa na chanuo la mti, na kwenye meno yake zimenasa nywele nyeusi za mtoto na mvi mbili ndefu.

Aliogopa, jamani. Kesho yake akamwacha binti nyumbani na mama yake, akaenda peke yake, akafungua kufuli. Akamkuta mtoto ameketi ngazini, ndani.

"Umeingiaje?"

"Kanifungulia."

Akamshika mkono amtoe nje. Mkono ulikuwa wa baridi, na mtoto hakusogea hata kidogo. Akavuta tena. Wapi! Nyuma yake wageni walishaanza kuingia, na Mdomo akawaza kwamba kilicholetwa na uongo labda kitaondolewa na ukweli. Akawageukia.

"Jamani, ile hadithi..." akaanza.

Alitaka kusema niliitunga. Ulimi ukakataa. Ukaenda wenyewe.

"...ile hadithi haijaisha. Mama yule alipata mtoto. Alimshika mkono. Akapanda naye."

Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Sauti ikaendelea kutoka, tamu, ileile ya kazini. Machozi yakamtoka.

"Na kwao," ikasema, "hawakumkumbuka tena."

Wageni wakapiga makofi. Wengine walifuta machozi. Mdomo akageuka. Ngazini hapakuwa na mtu.

Alipanda. Aligonga kila ukuta. Aliita hadi sauti ikamkauka, kisha akakimbia nyumbani, akamkuta mkewe anachambua mchele.

"Binti yetu," akasema akihema. "Kachukuliwa!"

Mkewe akamtazama kwa huruma. "Binti yupi, baba watoto? Sisi Mungu katupa wavulana wawili tu."

Hata sisi majirani tulishangaa. Hatukumbuki msichana yeyote nyumbani kwake, na haya yote nayasema kwa kinywa chake Mdomo. Siku hizi hatembezi tena wageni. Nyumba bado imesimama, imepakwa chokaa, inapendeza.

Lakini kila jioni mkewe akipakua chakula, hupakua sahani tano. Huitazama ile ya tano, ndogo, ameishika mkononi, hajui ni ya nani. Kisha hukaa chini, akalia.