Mstari Uliozunguka Gari

Naandika kwa sababu siwezi kusema. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Jioni ile mimi na mdogo wangu tulikuwa tunajiandaa kufunga. Karakana yetu ni ndogo, kuta tatu na geti moja la chuma mbele. Kazi yetu ni kuondoa mikwaruzo kwenye rangi za magari. Akaingia mzee mmoja na gari jeusi, shati amelifunga vifungo mpaka kooni.

"Bonneti na paa tu, mwanangu," akasema. "Huo mstari usiuguse."

Nikauona. Mkwaruzo mwembamba wa msumari, umelizunguka gari zima. Umepita milango, vioo, buti, mpaka ukakutana na mwanzo wake. Mzee akaondoka kwa miguu bila kugeuka nyuma.

Usiuguse! Mimi huyu? Miaka kumi na moja nimeshika mashine, halafu niachie gari linang'aa juu na ubavuni limechorwa kama daftari la chekechea? Hata mdogo wangu nilimfundisha hivyo, asiache mkwaruzo hata wa ukucha. Nikamtuma dukani akalete pedi mpya na msasa laini. Nikavuta geti kuzuia vumbi, nikaanza na buti.

Watu wanadhani tunaujaza mkwaruzo. Wapi! Tunaipunguza rangi ya juu, kidogo kidogo, mpaka tunaufikia chini ulipo. Nikapitisha mashine mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu... Kipande cha upana wa kiganja kikafutika.

Gari likainuka.

Kidogo tu, kama linavyoinuka abiria mzito akishuka. Na milango yote imefungwa. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Nikajiambia nimeunguza pedi, nikazima mashine.

Mngurumo ukaendelea.

Nikachomoa waya ukutani. Mngurumo uleule, chini chini, kule nyuma ya gari... kisha ukafifia kama wa mtu anayeishiwa pumzi. Mama yangu wee! Kulikuwa na kitu mle ndani, na kilikuwa kinaiga mashine yangu.

Nikakimbilia geti. Komeo likafunguka, geti halikusogea hata kidogo. Kwenye upenyo nikamwona yule mzee amerudi, msumari wake ukikwaruza chuma, kutoka ukuta huu mpaka ule. Krrrr...

"Mzee! Nifungulie!"

"Nilikwambia usiuguse," akanong'ona. Alikuwa analia. "Nikikufungulia wewe, namfungulia na yeye. Nisamehe, mwanangu."

Hatua zake zikaishia mbali. Niliogopa, sifichi. Kisha nikamkumbuka mdogo wangu, nikaogopa zaidi. Alikuwa njiani anarudi.

"Dada? Nani huyu mshenzi kachora geti letu?"

Nikafungua mdomo nimwambie akimbie. Hakikutoka kitu.

Sauti yangu ikatoka nyuma yangu.

"Msasa umepata, mdogo wangu? Ufute basi huo mstari."

"Ninao. Si ndiyo kazi yetu?" Akacheka.

Nikapiga geti kwa ngumi zote mbili. Nikapiga mpaka vidole vikachubuka.

"Subiri bwana! Acha pupa!"

Swa... swa... swa...

Geti likafunguka. Kitu cha baridi kikanipita begani, kikatangulia kutoka. Mdogo wangu hakuona chochote, aliniuliza tu mbona vidole vinatoka damu.

Mzee hakurudi. Gari lipo palepale, hatuligusi. Madaktari wamechungulia koo langu, wanasema halina kasoro. Huu ni mwezi wa nne tangu jioni ile. Mdogo wangu nilimwandikia kila kitu, akasema ananiamini. Lakini wakati mwingine namkuta jikoni na simu sikioni, anasikiliza ujumbe niliomtumia zamani, nikimgombeza kwa kuchelewa kazini. Amenimiss sana, na mimi nimeketi hapo hapo.

Leo jioni alikuwa anamenya viazi, mimi nimekaa mbele yake. Mlango ukagongwa.

"Mdogo wangu, nifungulie."

Sauti yangu. Akanitazama mdomo. Nilikuwa nimeufumba. Nikatikisa kichwa, nikamkamata mkono kwa nguvu zangu zote. Machozi yakamtoka.

"Lakini ni wewe, dada," akasema. Mkono wake ulikuwa na maji ya viazi. Ukaniponyoka.

Akafungua, akatoka nje. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Nimeufunga kwa ufunguo, na ufunguo ninao mkononi. Huko nje sasa kuna sauti mbili, yangu na yake. Yangu imetulia. Yake inalia, inasema dada nifungulie, na mimi sijui kama ni yeye.