Maji ya Kwenye Ngazi

Samaki wote watano walikuwa wamegeukia ukuta. Fundi saa aligonga kioo cha tangi kwa kucha. Hakuna aliyegeuka.

"Wamekununia," mkewe alimtania. "Umewafanya nini, Profesa?"

Uprofesa aliupata kwa mdomo wake mwenyewe. Kila mgeni aliyekanyaga sebuleni alipewa somo: maji ya bahari ya kufugia samaki huchotwa mbali na ufuo, huchujwa, hukaa gizani wiki mbili. Mdogo wake alilishika somo hilo hadi akanunua tangi la kwake. Lakini Jumapili Profesa alishikwa na uvivu. Alishuka ngazi za gati, pale mtaro wa maji machafu unapomwagikia baharini, akajaza madumu manne, akaja kumimina matatu vilevile yalivyo. Nyumbani alisema amekodi boti.

Jumatatu tangi lilianza kunuka nywele zilizolowa. Jumanne lilikuwa likimeza mate. Ukikaa kwenye kochi ulisikia kabisa koo likifanya kazi. Na binti yao wa miaka minne, mtoto asiyejua kunyamaza, aliamka sauti imekauka.

Jumatano mchana, binti akiwa amepakatwa na mama yake, mdomo kaufumba, sauti yake ilitoka ndani ya maji, nyembamba, ya kudeka, ikasema, "Mama, nibebe," kisha ikarudia, ikarudia tena, kila mara ikisogea karibu zaidi na kioo, na mama akamkumbatia mtoto kwa nguvu kana kwamba ananyang'anywa, mpaka mtoto akaanza kulia, machozi yakimtiririka na mlio wowote usitoke.

"Haya maji umeyatoa wapi?" mkewe alinong'ona.

"Mbali. Kwenye kina."

Aibu ilimchoma, na bado akadanganya. Jioni hiyo mdogo wake alipopita kuomba maji ya kuanzia, angeweza kumnyima. Ila angemnyima, angeulizwa sababu. Akampa lile dumu lililobaki, akapokea na shukrani zake.

Ijumaa alikuja mganga, mama mnene mwenye miwani. Alionja tone moja, akatema.

"Huyu jini ni wa mtaroni," alisema. "Hakuwafuata. Mmemchota wenyewe."

Mke alimgeukia mumewe polepole. Profesa aliangalia sakafu, masikio yanamwaka moto, akatamani ardhi immeze.

"Yarudishwe palepale, maji yote," mganga aliendelea. "Yakibaki, sauti ya mtoto itabaki nayo. Ni haya tu?"

Ilikuwa ni kusema neno moja tu. Lakini mkewe alikuwa bado anamtazama, na aibu ya kwanza ilikuwa haijapoa.

"Haya tu, mama."

Waliyarudisha yote palepale kwenye ngazi za gati, wakasugua tangi likakauka. Sebule ilinyamaza. Jumamosi nzima walikaa wakimsubiri mtoto aseme chochote, mama akimbembeleza, "Niite basi, mwanangu. Niite tu," na mtoto akifungua mdomo na kuufunga.

Simu ya Profesa ikaita. Alikuwa mdogo wake, anaongea kwa sauti ya chini.

"Kaka, mmemleta mtoto huku? Namsikia sebuleni, simwoni. Anakuita wewe."

"Nani huyo?" mkewe aliuliza.

Profesa alikata simu.

"Mtu amekosea namba," alisema. Binti yake alikuwa anamtazama.