Mkwaruzo wa Kengele

Kila asubuhi, umande ungali kwenye mihogo, Laurentia alivuta kamba ya kengele ya shule yao, nje kidogo ya Maneromango. Kazi hiyo ilikuwa ya babu yake hadi alipofariki mwaka 1947, na mjukuu akairithi kwa majivuno. Lakini wiki hii aliivuta kwa woga, kwa kuwa kengele haikulia tena. Ilikwaruza, kama mzee mwenye kikohozi anayejaribu kumwita mtu. Mbwa walinyamaza. Waliokwenda shambani walisimama njiani, wakatazamana.

Siku hiyo Mwalimu Nikolaus aliandika ubaoni neno *mkwaruzo*. Alieleza kuwa ni sauti kama ya vitu vigumu vikisuguana, isiyo na utamu sikioni, kisha akamtaka Laurentia atunge sentensi. Laurentia, msemaji kuliko kasuku, alisimama, akaitazama kengele kupitia dirishani, akaketi tena.

Nyumbani, bibi yake Kristina alikuwa kitandani, siku ya nne hajala. Alikuwa amekwisha kukunja sanda yake na kuiweka chini ya mto. Laurentia alimpelekea uji. Bibi akalisukuma bakuli.

"Kengele ile ni sauti ya babu yako," alisema taratibu. "Alikohoa hivyo hivyo siku zake za mwisho. Ananiita, mjukuu wangu. Kesho akiita, nitakwenda."

Laurentia alijua sauti ile ilikotoka. Ijumaa iliyopita kamba ilikuwa imekatika. Badala ya kumwambia mwalimu, aliigonga kengele kwa jiwe, jambo alilokatazwa, ikapasuka. Akaiunga kamba na kunyamaza, akiogopa kunyang'anywa kazi ya babu. Kesho angeivuta tena, na bibi angekufa kwa mkono wake. Akakimbia kwa mwalimu, akaeleza yote huku akilia.

Mwalimu hakumchapa. Aliiteremsha kengele, wakaibeba hadi kwa bibi. Alipokwisha kumwamkia, aliigonga kwa kifundo cha kidole, na ile sauti ikajaa chumbani. Bibi akafumba macho. Laurentia alimshika kidole, akakipitisha juu ya ufa.

"Si babu, bibi. Ni mimi. Niliigonga kwa jiwe."

Bibi aliufuata ufa kwa kidole, juu hadi chini. Kisha akauliza kama uji bado upo.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," mwalimu alimwambia Laurentia. "Wewe ulikaribia kuchimba kaburi. Ukikosa, sema mapema."

Kazi ya kengele akamnyang'anya, muhula mzima. Laurentia hakunung'unika; alikuwa jikoni, akimkorogea bibi uji.